Neno Lililotoka Kwenye Makofi

Khairat Abdulnasser alikuwa na mazoea ya kumeza mate kabla ya kufasiri. Hakimu alikuwa akisoma sentensi kwa Kiingereza, anatua, na Khairat anaitoa kwa Kiswahili watu wote wa mahakama ya Garsen waisikie. Yeye alizaliwa Kipini, na Kiswahili chake kilikuwa laini kupita cha Garsen. Mara nyingi ilimbidi akivunjevunje ili mfugaji aliyetoka malishoni au mkulima wa mtoni amwelewe bila kuuliza mara mbili. Kazi hiyo aliijua na aliipenda.

Siku ya hukumu ya Boru alimeza mate mara mbili.

Kesi yenyewe ilikuwa imezungumzwa Garsen kote kwa sababu ya simba. Lois, mjane wa Kipokomo anayelima kijijini Chara, aliamka asubuhi moja ya kiangazi akakuta shamba lake limejaa ng'ombe. Mahindi yalikuwa yamelala chini, pojo imekanyagwa, na migomba michanga imeng'olewa hadi kwenye shina. Ng'ombe walikuwa wa Boru, Muorma ambaye kila kiangazi hupitisha mifugo yake kando ya shamba hilo kuelekea mtoni. Boru alishtakiwa kwa kuharibu mazao makusudi. Malisho yalikuwa yamekwisha, upande wa mashtaka ulisema, na mtu huyu aliwafungulia ng'ombe wake akijua vyema wanaingia wapi.

Boru alijitetea kwa maneno machache.

"Simba ilikuja. Ng'ombe ikavunja boma, ikakimbia. Mimi sikufungua."

Watu walicheka. Ni miaka mingi hakuna aliyeona simba karibu na Chara. Kiboko, ndiyo. Mamba, kila siku. Fisi wanajulikana hata sauti zao. Lakini simba? Afisa mmoja wa wanyamapori aliitwa kutoa ushahidi, akasema kwamba hakupata nyayo, ila katika miaka ya ukame simba huwafuata wanyama hadi kwenye maji ya chini. Hawezi kusema alikuwepo. Hawezi kusema hakuwepo.

Kisha mwendesha mashtaka akamuuliza Boru swali lililotuliza vicheko.

"Simba alikuja giza bado zito. Wewe ulionekana jua limeshatoka. Muda wote huo ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natafuta ng'ombe."

"Kundi zima, shamba liko pale pale, ukalikosa?"

"Nilikuwa natafuta," Boru alirudia, macho yake kwenye sakafu.

Sasa hakimu Kavumbi alikuwa akisoma hukumu. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, asiyependa kupandisha maneno. Alipitia ushahidi wa Lois, akausifu kwa uwazi wake. Akapitia ushahidi wa afisa. Halafu akasema, kwa Kiingereza, kwamba maelezo ya mshtakiwa ni *plausible*.

Khairat alilijua neno hilo. Alikuwa amelisoma katika mafaili mara nyingi, na kila mara jicho lake lilikuwa limelipita bila kujikwaa. Lakini kulisoma ni jambo moja, na kulitoa mbele ya watu wawili wanaokutazama mdomoni ni jambo lingine. Maneno ya Kiswahili yalimjia moja moja na kila moja lilikuwa kubwa mno au dogo mno. Ya kweli? Hakimu hakusema hivyo. Yanawezekana? Kila kitu kinawezekana, hata ng'ombe kuogelea hadi Lamu. Hakimu alikuwa ameinua uso akimngoja.

"Mahakama inaona," alisema Khairat, "kwamba maelezo ya mshtakiwa yanaaminika."

Lois alishtuka kama aliyemwagiwa maji. "Yanaaminika?" alisema kwa sauti. "Basi mimi ndiye mwongo?"

Khairat aligeuka upande wake, akaongeza haraka, "Yaani, mama, yanaweza kuaminika."

Hapo Boru naye akainua kichwa. Khairat aliuona uso wake ukibadilika. Mtu yule, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na cha njiani, alikuwa amelishika neno dogo lililoongezwa. *Yanaweza.*

Hakimu aliendelea. Kwa kuwa kuna shaka, alisema, shaka hiyo ni ya mshtakiwa. Boru yuko huru. Nyuma kabisa, jamaa zake vijana wakapiga makofi, askari akawanyamazisha. Boru hakupiga. Alivuta kikoi chake begani na kutoka kama mtu aliyefungwa. Lois alikuwa ameshatoka kwa mlango mwingine.

*

Saa ya chakula Khairat hakwenda kula. Alibisha kwenye ofisi ya hakimu, akaambiwa aingie.

"Mheshimiwa, nadhani leo nimewakosea watu wawili kwa neno moja."

Kavumbi aliweka chini kikombe chake. Alikuwa amesikia. "*Plausible*," alisema.

"Hilo hilo. Mama amesikia kwamba yeye ni mwongo. Mzee Boru amesikia kwamba huenda yeye ni mwongo. Wote wawili wametoka wameumia, na mmoja wao ameshinda kesi."

Hakimu alicheka kidogo, si kwa dharau. Alinyoosha mkono akashusha kamusi nene kutoka juu ya kabati, akapuliza vumbi. Alikuwa mmoja wa watu wanaofurahia kufungua kitabu kama wengine wanavyofurahia kufungua chakula.

"Keti. Mimi mwenyewe sijawahi kulitazama mahali lilipotoka."

Alisoma kimya, midomo ikicheza, kisha akaweka kidole kwenye mstari na kupiga makofi mawili mepesi.

"Makofi," alisema.

"Makofi gani?"

"Neno limetoka huko. Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Kupiga makofi. Kitu *plausible* kilikuwa kitu kinachostahili makofi. Ndugu yake ni *applause*, ambalo hadi leo ni makofi matupu. Waingereza walipolichukua, miaka kama mia tano iliyopita, lilikuwa sifa. Hotuba nzuri, mtu anayependeza watu. Halafu likateleza. Kinachopendeza masikioni kikawa kinachofanana na kweli. Na wapo wanaolitumia kwa kushuku: mtu *plausible* ni yule mwenye maneno matamu, ukimwona ushike mfuko wako."

Khairat alisogea karibu atazame mwenyewe. Hakimu alifunua kurasa nyingi nyuma, akatafuta, akapata.

"Na hili hapa, *explode*. Kulipuka. Nalo ni la ukoo huo huo, unaamini? Zamani lilikuwa na maana ya kumfukuza mchezaji jukwaani kwa makofi na kelele. Mikono ile ile inayokukaribisha ndiyo inayokutoa."

"Kwa hiyo leo, Mheshimiwa, ulimpigia makofi mzee Boru?"

"Waliopiga ni jamaa zake." Kavumbi alivua miwani. "Khairat, mimi sikuwepo Chara. Kama simba alikuja, sijui. Sikusema alikuja. Nilichosema ni kwamba mtu mwenye akili timamu akiyasikia maelezo yale, hana sababu ya kuyatupa. Basi. Na hiyo inatosha kumwachia mtu, lakini haitoshi kumwambia kwamba namwamini. Neno la Kiingereza linaweza kusimama hapo katikati bila kuanguka. Lako ulilotumia limeanguka upande."

"Nilitafuta, sikupata."

"Ulipewa pumzi moja. Hili limepewa karne tano, na bado watu wanaligombania."

Nje mbuzi alikuwa akijikuna kwenye ukuta.

"Kwetu tungesema yanaingia akilini," Khairat alisema hatimaye, taratibu, kama anayelijaribu.

"Yanaingia akilini," hakimu alirudia. "Hilo ni zuri kuliko la Warumi. Kinachoingia kinaweza kukaa, na kinaweza kutoka." Akarudisha kamusi juu ya kabati.

"Naweza kwenda kuwaeleza? Jumamosi naenda nyumbani Kipini. Naweza kupitia Chara."

Kavumbi alifikiri. "Hukumu imesomwa hadharani, na muda wa rufaa unajulikana. Kueleza ilichosema si kosa, kuongeza ndilo kosa. Na usichukue maneno ya huyu ukampelekea yule. Wakitaka kuambiana kitu, wana midomo."

*

Jumamosi asubuhi Khairat aliiacha barabara ya Kipini na kuchukua bodaboda hadi Chara. Alimkuta Lois ameinama na jembe, akigeuza udongo pale pale mahindi yalipokuwa yamelala.

"Shikamoo, mama."

Lois alijibu bila kusimamisha jembe. Alimtambua. "Wewe ni yule wa korti."

"Ndiye mimi. Nimekuja kwa sababu ya lile neno."

"Neno gani?"

"Lile lililokufanya ukaondoka."

Hapo Lois alisimama, akaegemea mpini. Khairat akamweleza kama alivyoelezwa. Kwamba hakimu hakusema Boru amesema kweli, wala hakusema yeye Lois amesema uongo. Kwamba ushahidi wake ulisifiwa, na hakuna aliyeshuku kuwa shamba limeliwa. Kilichoshindikana ni kuonyesha kwamba ng'ombe waliachiwa makusudi. Maelezo ya Boru yanaingia akilini, na sheria inasema yakiingia akilini, mtu hafungwi. Alimweleza hata habari ya makofi, kwa kuwa Lois aliuliza kwa nini Waingereza wawe na neno la namna hiyo.

"Kwa hiyo ni kama walimpigia makofi," Lois alisema.

"Hapana, mama. Zamani sana ndiyo lilikuwa hivyo. Neno hutoka kwao, likapasahau."

Lois alitema mate pembeni, akafuta paji la uso kwa ncha ya leso. Alimwonyesha Khairat akae juu ya gogo, naye akakaa chini.

"Sikiliza, mwanangu. Mahindi yameliwa mara nyingi. Kiboko anakula, nyani anakula, mafuriko nayo yanakula. Mimi silii mahindi. Huyu Boru nimemjua tangu mume wangu yu hai. Mkewe Nuria amenipa maziwa, nimempa ndizi. Asubuhi ile nilimwendea mwenyewe. Sikwenda polisi kwanza, nilimwendea yeye. Nikamwambia, Boru, imekuwaje? Akanitazama machoni, akaniambia simba."

Aliokota bua lililokanyagwa, akalitupa pembeni.

"Angeniambia amelala, ningekubali. Mtu anachoka. Kiangazi hiki sote tumechoka. Angesema nililala, Mama Lois, nisamehe, ningepiga kelele kidogo na mambo yangekwisha hapo hapo. Lakini simba! Niliona ananidharau. Kwamba mimi ni mwanamke mzee wa kuambiwa hadithi ya watoto."

Khairat aliinuka kwenye gogo. Alipewa maji akanywa, akaaga, akafuata njia ya ng'ombe inayopita kando ya shamba. Waorma huiita malka, njia ya mifugo kushuka mtoni, na vumbi lake lilikuwa laini kama unga.

*

Nyumba za Boru zilikuwa mwisho wa njia ile, mahali ardhi inapoinuka kidogo. Boru alikuwa nje akikarabati boma. Nuria, mkewe, alimkaribisha Khairat kwa chai ya maziwa, akarudi ndani.

"Asalamu aleikum, mzee."

"Waleikum salaam. Karibu, binti." Alimtazama kwa muda. "Wewe ni mdomo ya korti."

"Ndiyo. Nimekuja kukueleza neno moja."

Alieleza tena. Boru alisikiliza ameinamisha kichwa, akichuna ganda la fimbo kwa kidole gumba. Khairat alipofika kwenye maneno *yanaingia akilini*, Boru aliuliza, "Hiyo ni ndiyo au hapana?"

"Si ndiyo, wala si hapana."

"Mimi nilisema simba ilikuja. Simba haiwezi kuja nusu."

"Kweli, mzee. Lakini hakimu hakuwepo."

"Hakuwepo," Boru alikubali. Aliiweka fimbo chini. "Binamu yangu Liban aliniambia, Boru, sema ulilala. Kulala, kila mtu anajua. Mama atakasirika kidogo, wazee watakaa, kwisha. Hata korti haiko. Mimi nikasema, Liban, sikulala. Akasema, hiyo simba yako nani atakubali? Mimi nikasema, iliyokuja ni simba. Nitasema nini, nitasema paka?"

Maneno ya Lois yalikuwa yamemjaa Khairat mdomoni, karibu yatoke yenyewe. Watu hawa wawili walikuwa wakiongea jambo moja, mmoja mwanzo wa njia na mwingine mwisho, na katikati palikuwa na mwendo mfupi wa vumbi. Lakini alikumbuka aliyoambiwa na hakimu. Akanywa chai.

"Mama Lois anaamini mimi?" Boru aliuliza.

"Hilo muulize mwenyewe."

"Ulitoka kwake sasa hivi. Niliona wewe."

"Nilitoka. Na hilo muulize mwenyewe."

Boru alisimama. Aliingia ndani, akatoka amevaa shati safi na kofia. "Twende," alisema. "Wewe hapana fasiri. Wewe sikia tu."

*

Lois aliwaona wakija tangu mbali, na hakuacha kulima. Boru alisimama pale malka inapokutana na shamba, vidole vya miguu vikiwa kwenye mpaka.

"Mama Lois. Nimekuja."

"Nimekuona."

"Naweza kuingia?"

"Ng'ombe wako hawakuuliza." Alichimba mara mbili zaidi, kisha akasema, "Ingia."

Boru aliingia akikanyaga kwa uangalifu kati ya matuta. Khairat alibaki nyuma kidogo.

"Nimeambiwa korti haikusema wewe mwongo," Boru alisema.

"Nami nimeambiwa."

"Mimi sijasema wewe mwongo. Shamba yako ililiwa. Ng'ombe yangu ilikula."

"Hilo najua." Lois aliweka jembe chini. "Kule kortini mimi nilikuwa wa kujibu tu, sikuwa wa kuuliza. Sasa nitauliza. Huyo simba wako alitokea upande gani?"

"Upande ya matete."

"Ulimwona?"

"Kwanza sikuona. Nilisikia ng'ombe inapumua. Zote pamoja, kama mtu moja. Halafu zikanyamaza. Mama, ng'ombe ikinyamaza hivyo, nywele yako inasimama. Halafu harufu. Halafu nikaona, anapita hapo nje ya miiba, hana haraka. Kama mtu anatafuta mlango."

Lois hakucheka. "Kisha?"

"Boma ikavunjika. Ng'ombe ilitoka kama maji."

"Ikaja kwangu."

"Ikaja kwako."

"Na wewe, Boru? Kutoka hapo hadi jua linatoka. Yule mwanasheria alikuuliza ukasema ulikuwa unatafuta. Mimi nilikuwa nimekaa pale nikajua ni uongo, na ndipo simba wako naye akafa moyoni mwangu. Ulikuwa wapi?"

Boru aligeuka, akamtazama Khairat, na Khairat akaanza kuondoka awaache. Lakini Boru akasema, "Kaa. Wewe ulisema maneno yangu yote kule. Sikia hii moja iliyobaki." Kisha akasema kitu kwa Kiorma, polepole, kama anayekihesabia uzito. Hakuna aliyekielewa, na labda ndiyo sababu alianza nacho. Akarudi kwenye Kiswahili.

"Nilikimbia."

"Kuwafuata ng'ombe."

"Hapana. Ng'ombe ilikimbia huku. Mimi nilikimbia kule. Niliingia mto." Aligusa shingo yake. "Mpaka hapa."

"Mto huu? Wenye mamba?"

"Sikukumbuka mamba."

Lois alisogea hatua moja karibu.

"Nilishika matete," Boru aliendelea, na sauti yake ilikuwa imeshuka hadi Khairat akalazimika kusogea. "Nilikaa. Nilisikia ng'ombe yangu inakula. Nilijua ni shamba yako, nilijua kwa mahindi, inavyovunjika, tak, tak. Nilisema nafsini yangu, toka, Boru, nenda uwatoe. Miguu ikakataa. Mpaka mwangaza. Mimi, mtu wa ng'ombe tangu nazaliwa. Baba yangu alisimama mbele ya simba na mkuki, mimi niliingia maji kama chura."

Upepo mdogo ulipita kwenye migomba iliyobaki. Lois alikaa chini kwenye tuta, taratibu, mkono mmoja ukitangulia.

"Kwa nini hukusema haya kortini?"

"Kortini alikuwa Liban. Walikuwa vijana. Walikuwa wakwe zangu. Nuria mwenyewe hajui. Anajua nilirudi nguo imelowa, nilimwambia ni umande."

"Umande!" Lois alisema, na hapo akaangua kicheko. Kilimtoka kwa nguvu hadi akashika mbavu. Boru alimtazama kwa mashaka, kisha mdomo wake nao ukaanza kulegea. "Umande hadi shingoni! Na akakubali?"

"Akakubali."

Lois alifuta machozi kwa leso. Alipotulia, uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa wa mtu anayemtazama jirani.

"Hilo sasa ninaliamini," alisema. "Mtu hatungi uongo wa kujivua nguo. Ninaliamini hilo, na simba ninamwamini, hata sasa naogopa kulala huku."

Boru alishusha pumzi ndefu. Alichuchumaa mbele yake. "Naomba msamaha. Ng'ombe ni ng'ombe, hiyo sikuweza kuzuia. Naomba msamaha ya kukaa ndani ya maji."

"Ungetoka ungeliwa."

"Labda. Labda simba ilikuwa imeenda zamani."

"Labda," Lois alisema. "Mimi mwenyewe ningekuwa juu ya mti bado."

Khairat alikuwa amesimama pale akiwasikia, mikono yake haina kazi. Siku zote alikuwa kati ya watu, na watu walimtazama yeye ili wasikiane. Hapa hapakuwa na aliyemtazama. Alifikiria kwamba maneno haya yangesemwa mahakamani hakuna hata kijana mmoja ambaye angeyapigia makofi, na kwamba Boru alilijua hilo zamani kabla ya Warumi kuingia katika habari hii.

"Msamaha nimeutoa," Lois alisema akiinuka. "Lakini mahindi sina, na pojo sina."

"Nitaweka ua. Mimi na vijana wangu, upande wote ya malka. Miiba mpaka kifuani."

"Miiba gani?"

"Mathenge iko mingi huko."

"Usiniletee mathenge!" Lois alishika kiuno. "Mbegu moja ikianguka hapa, mwaka kesho silimi tena, nakata mathenge tu. Leta mgunga."

"Mgunga iko mbali, mama. Mathenge kavu, haina mbegu."

"Mathenge haikauki hata ukiichoma. Mgunga, Boru."

"Sawa. Mgunga."

"Na ua lianzie hapa." Alitembea kwa hatua ndefu hadi kwenye ukingo wa njia, akachora mstari kwa kisigino. Boru alimfuata, akautazama ule mstari, akatikisa kichwa.

"Hapo ng'ombe haipiti. Ng'ombe iko na pembe. Mbili zikikutana njiani, moja inaingia kwako."

"Basi zipite moja moja."

"Umewahi kuona ng'ombe yenye kiu inapanga foleni?"

Simu ya Khairat ililia. Alikuwa mama yake, akiuliza kutoka Kipini amefika wapi, kwamba samaki amekwisha kupakwa nazi na anangojwa yeye tu. Khairat alisema yuko njiani. Aliaga, lakini hawakuonekana kumsikia vyema. Lois alikuwa amesogeza mstari wake ndani ya shamba kwa unyayo mmoja, na Boru, ameinama, mikono imepanuliwa kama pembe, alikuwa akimwonyesha kwamba bado hautoshi.